Sura ya Sita: Waya Uliozimwa Haujafa

Ukisimama Nyamiaga, jirani na Ngara mjini, unaelewa kwa nini wapangaji wa reli wameukodolea macho ukanda huu kwa miaka mingi. Burundi iko hapo karibu. Kaskazini, mto Ruvubu unajimwaga katika Kagera, na mbele kidogo maji yanaporomoka Rusumo, mpakani na Rwanda. Malori ya Kigali yanapanda kutoka Isaka na Kahama, yanapita Nyakanazi wilayani Biharamulo, mengine yanalala Benaco kabla ya kuvuka daraja la Rusumo. Reli iliyopangwa kutoka Isaka hadi Kigali inafuata ukanda huohuo, na tawi la kwenda Burundi limechorwa kupitia Keza, ndani ya Ngara. Mwaka 2018 Tanzania na Rwanda zilikubaliana kuijenga kwa viwango vya reli ya kisasa (SGR). Mpaka naandika sura hii, bado haijalazwa.

Umeme, kwa upande wake, umeshatangulia. Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo hazikuwa kwenye gridi ya taifa. Zilitegemea majenereta ya dizeli, na dizeli ikichelewa njiani mji ulilala gizani. Leo maporomoko ya Rusumo yana mitambo mitatu yenye jumla ya megawati 80, mali ya pamoja ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na laini ya kilovolti 220 inatoka pale hadi kituo cha kupoza umeme cha Nyakanazi. Kwa hiyo siku reli itakapofika, itakuta umeme mkubwa. Ninachotaka kuzungumzia ni mahali ambapo umeme huo utakutana na binadamu kwa ukaribu kuliko popote pengine katika reli nzima: karakana, tuseme ikijengwa Keza.

Abiria wa SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma huuona waya juu ya njia, hajali, na hana sababu ya kujali. Waya ule una volti 25,000, zaidi ya mara mia moja ya umeme wa nyumbani, lakini umetundikwa juu, mbali na mkono wake. Karakanani mambo yanageuka. Fundi anapanda juu ya paa la treni, mahali palepale unapopita waya. Mwingine yuko shimoni chini ya behewa akishika chuma kwa mikono yote miwili. Wa tatu anaosha ubavu wa behewa kwa maji ya presha. Na treni zenyewe zinaendelea kuingia na kutoka kwa umeme uleule.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mfumo wa kinga ya umeme wa karakana usinakiliwe kutoka njia kuu. Kazi zake ni tofauti. Kinga ya njia kuu imebuniwa ili treni ifike. Mwaka 2024, muda mfupi baada ya safari za Dodoma kuanza, Shirika la Reli Tanzania liliueleza umma kwamba hitilafu ya umeme iliyosimamisha treni ilisababishwa na bundi na ngedere waliogusa miundombinu ya umeme. Wengi walicheka, lakini wahandisi wa umeme hawakushangaa. Wanyama hupiga shoti laini za umeme duniani kote. Kwa hitilafu za namna hiyo, sakiti breka ya njia kuu hukata umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha mara nyingi hupangwa ijirudishe yenyewe baada ya sekunde chache. Mnyama ameshaanguka, hewa imepoa, treni inaendelea. Ni mpango wenye busara huko porini.

Sasa uhamishe mpango huo karakanani. Aliyegusa waya si ngedere, ni fundi mwenye ngazi ya aluminiamu. Breka imekata. Wenzake wanakimbia kumshika. Sekunde chache baadaye mtambo unajaribu tena. Breka ya karakana, kwa hiyo, ikikata isirudi mpaka mtu ajue kwa nini imekata na aidhinishe kwa jina lake. Katika michoro huo ni mstari mmoja tu, na unaweza kusahaulika kwa urahisi ikiwa karakana imelishwa kama kipande cha mwisho cha njia kuu badala ya kuwa na breka yake yenyewe.

Kuna sababu nyingine ya kuipa karakana breka yake. Treni inayovuta megawati 6 kwenye kilovolti 25 hula takriban ampea 240. Kwenye njia kuu treni mbili au tatu zinaweza kuwa katika sehemu moja zikipanda mlima, na relei, kifaa kinachopima umeme na kuiamuru breka ikate, lazima ivumilie mzigo huo wote bila kudhani ni shoti. Shoti iliyotokea mbali na kituo cha umeme nayo inaweza kuleta mkondo usiozidi sana mzigo huo, kwa sababu waya mrefu wenyewe unaupunguza. Hivyo njia kuu hutumia relei zinazolinganisha volti na mkondo ili kukadiria hitilafu iko umbali gani. Yadini treni zinatambaa, zinawasha viyoyozi na kuchaji betri, basi. Mzigo ni mdogo, waya ni mfupi. Relei ya karakana inaweza kuwekwa iwe nyepesi kushtuka, na inapaswa kuwekwa hivyo.

Tuje kwenye paa la treni, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo lote.

Chukua kazi ya kawaida: treni ya umeme ya SGR iitwayo Mchongoko imeingia, na vipande vya kaboni vya pantografu, ule mkono unaogusa waya, vimelika vinahitaji kubadilishwa. Msimamizi anaagiza umeme wa njia hiyo ukatwe. Breka inafunguka. Je, fundi apande? Hapana. Breka ni chombo kilichofungwa ndani ya kasha. Kikiharibika ndani, huwezi kuona. Kinachohitajika ni swichi ya kutenga iliyo wazi hewani, ambayo fundi akiinua macho anaona mkono wake umeachana na waya na pengo lipo. Mkono huo ukimaliza kuachana, unashukia upande wa pili na kugusana na chuma kilichounganishwa na reli na ardhi. Hapo waya wa juu ya treni umefungwa ardhini.

Kwa nini uhangaike kuufunga ardhini waya ambao tayari hauna umeme? Kwa sababu waya uliozimwa haujafa. Njia ya pili ya karakana, mita chache tu pembeni, bado ina volti 25,000. Waya mmoja wenye umeme wa mkondo geu ukipita sambamba na mwingine uliotengwa, huuambukiza volti kupitia hewa, bila kugusana. Zinaweza kufika mamia, hata maelfu. Mkondo wake unaweza kuwa mdogo, lakini mtu aliye juu ya paa la treni hahitaji mkondo mkubwa ili aanguke. Ukiufunga waya ardhini, kinachoambukizwa kinashuka moja kwa moja bila kupita mwilini mwa mtu.

Mazoea mazuri ya kazi yana mpangilio ambao haubadilishwi. Fundi anachukua fimbo ndefu ya kupimia, anaijaribu kwanza kwenye chanzo kinachojulikana kuwa na umeme ili aone kama inafanya kazi, anapima waya aliozimiwa, kisha anairudisha kwenye chanzo kile kuhakikisha haikufa katikati. Akiridhika, anafunga waya wa ardhi wa muda. Hapa mfuatano ni suala la uhai. Kibano cha chini kinafungwa kwanza kwenye reli. Baada ya hapo tu ndipo ndoano ya juu inatundikwa kwenye waya kwa fimbo. Ukianza na juu, na kumbe waya una umeme, ncha ya chini inayoning'inia mkononi mwako ndiyo itakayotafuta ardhi kupitia wewe. Wakati wa kuondoa ni kinyume: juu kwanza, chini mwisho.

Mbunifu mzuri haachi hayo yote kwenye kumbukumbu ya mtu aliyechoka saa kumi alfajiri. Anayafunga kwa funguo. Swichi ya kutenga ina ufunguo ambao hautoki mpaka mkono uwe umegusa ardhi. Ufunguo huohuo ndio unaofungua geti la ngazi za kupandia jukwaa la paa. Geti likiwa wazi, ufunguo umenaswa getini, hivyo hakuna awezaye kurudisha swichi. Hakuna kompyuta hapo. Ni chuma kinachozuia chuma. Mafundi wakiwa watano, kila mmoja anaweka kufuli lake kwenye sanduku la ufunguo, na umeme haurudi mpaka kufuli la mwisho litolewe na mwenyewe. Taa juu ya kila njia zinaonyesha hali ya waya, lakini taa huungua, kwa hiyo taa ni ya kukumbusha tu. Ruhusa ya kupanda inatoka kwenye pengo linaloonekana na waya wa ardhi uliofungwa.

Treni nayo ina umeme wake. Hata pantografu ikishushwa, kapasita za ndani hubaki na chaji kwa dakika kadhaa. Muda wa kusubiri umeandikwa na mtengenezaji, na unapaswa kuandikwa tena kwenye kasha lenyewe kwa herufi kubwa.

Nimetaja ardhi mara nyingi. Sasa tuikanyage ya Ngara.

Umeme unaoingia kwenye treni kupitia waya wa juu lazima urudi ulikotoka, na njia yake ya kurudi ni reli. Sehemu yake huvuja kuingia udongoni. Maana yake reli, ambayo mtu wa kawaida huiona kama chuma kilicholala, inaweza kuwa na volti fulani ikilinganishwa na udongo wa pembeni. Njiani huko, viwango vya Ulaya vinavyotumiwa kwenye reli nyingi za umeme vinakubali hadi volti 60 za kugusika kwa muda mrefu. Ndani ya karakana viwango hivyohivyo vinashuka hadi volti 25. Tofauti hiyo inatambua ukweli wa kazi: fundi analoa jasho, amepiga magoti kwenye zege lenye maji, mkono mmoja uko kwenye gurudumu na mwingine kwenye mashine iliyochomekwa ukutani. Mwili wake umeunganisha mifumo miwili ya umeme bila yeye kujua.

Dawa yake ni kuhakikisha hakuna vyuma viwili anavyoweza kugusa kwa pamoja ambavyo vina volti tofauti. Nguzo za jengo, reli, mabomba ya maji, nondo za zege la shimo, jukwaa, uzio, mwili wa jeki za kuinulia behewa: vyote vinaunganishwa na kuwa kitu kimoja kiumeme. Nondo ndizo husahaulika, kwa sababu zege likishamwagwa hazionekani tena. Mhandisi wa umeme akiletwa baada ya msingi kumwagwa, ameshachelewa. Ningeweza kutaja kasoro nyingi za miradi yetu ya ujenzi, lakini hii ya kumwita mtu wa umeme mwishoni naiona mbaya kuliko nyingine, kwa sababu haitengenezeki tena kwa bei nafuu.

Kisha mtandao huo wa vyuma unashushwa ardhini kwa nyaya za shaba zilizofukiwa kuzunguka jengo na fimbo zilizokongotwa chini. Ufanisi wake unategemea udongo. Mfinyanzi wenye unyevu hupitisha umeme vizuri; mawe na changarawe nyekundu iliyokauka hukataa. Milima ya Ngara ina mawe ya kutosha, na kiangazi chake, Juni hadi Agosti, hukausha tabaka la juu kabisa. Ardhi hupimwa kwa kuchomeka vijiti vinne kwa mstari, kwa umbali sawa: mkondo unapitishwa kwenye vile vya nje na volti inasomwa kwenye vile vya ndani. Ni njia aliyoieleza Frank Wenner wa Marekani mwaka 1915, na bado haijapata mshindani kwa urahisi wake. Ukipanua nafasi kati ya vijiti, unasoma udongo wa chini zaidi. Anayepima Aprili, mvua zikiwa zimeloweka kila kitu, atapata namba za kufurahisha, na karakana itakayojengwa juu ya namba hizo haitakuwa salama Agosti.

Mafundi wetu wana dawa ya siku nyingi: kuchimba shimo, kujaza mkaa na chumvi, kumwagia maji. Husaidia kwa muda. Lakini mvua huondoka na chumvi, na chumvi hiyohiyo huila shaba. Kwa nyumba ya mtu binafsi unaweza kuvumilia. Kwa karakana itakayotumika miaka hamsini, ni afadhali kurefusha nyaya, kwenda chini zaidi, au kujaza udongo maalumu wa mfinyanzi unaoshika maji. Na maungio yachomelewe na kufukiwa ndani kabisa. Wizi wa nyaya za shaba umeisumbua TANESCO, na SGR nayo imekutana nao. Waya wa ardhi ukiibwa, taa hazizimiki na mashine hazisimami. Hakuna anayejua mpaka siku ya ajali. Hivyo mfumo wa ardhi unahitaji sehemu za kupimia zinazofikika, na ratiba ya kupima isiyosubiri mtu alalamike.

Radi inazidisha umuhimu wa haya yote. Ukanda wa maziwa makuu ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na radi kuliko mengine duniani. Uchambuzi wa picha za satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliweka Kabare, ng'ambo ya Rwanda upande wa Kongo, nafasi ya kwanza barani Afrika, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi sita wa shule ya msingi Geita, mkoa jirani. Karakana ya reli ni paa kubwa la bati lililounganishwa na kilometa nyingi za waya mlimani. Radi ikipiga laini mbali na hapo, wimbi lake linasafiri kwenye waya hadi ndani. Vifaa vya kukinga radi vinawekwa pale waya unapoingia jengoni na kwenye kila transfoma, vikiwa na njia fupi na iliyonyooka ya kushuka ardhini, kwa sababu kila kona ya waya ni kizuizi kwa wimbi la kasi namna hiyo. Kazi za paa la treni zisimamishwe mara ngurumo zinapoanza kusikika, hata kama waya umefungwa ardhini.

Kuna jambo dogo ambalo michoro iliyoletwa kutoka pwani inaweza kulikosa: mwinuko. Hewa ndiyo inayotenganisha waya na paa, na hewa ya mlimani ni nyepesi. Vifaa vya umeme mkubwa kwa kawaida hupewa viwango vyake hadi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ukifika mita 1,800, kama ilivyo juu ya baadhi ya milima ya Ngara, nguvu ya kihami inayotakiwa inaongezeka kwa karibu asilimia 10. Mapengo yanapanuliwa, vikombe vya kuhami vinarefushwa. Pugu na Kwala, karibu na pwani, hazina shida hiyo.

Kuhusu chanzo cha umeme nitakuwa mfupi. Treni hutumia fezi moja, gridi ina tatu. Treni inapovuta kutoka fezi mbili tu za laini ya kilovolti 220, fezi zinapoteza uwiano, na kadiri gridi ilivyo dhaifu ndivyo majirani wanavyoumia: mota za viwanda zinapata joto, mashine za hospitali zinasumbuliwa. Dar es Salaam hadi Morogoro, TANESCO ilijenga laini maalumu ya kilovolti 220 kwa ajili ya reli. Nyakanazi na Rusumo ni gridi changa, na mgodi wa nikeli wa Kabanga ukianza kazi kwa ukamilifu nao utataka sehemu yake. Mashine za karakana, tochi za kuchomelea, kompresa na taa, zisilishwe kutoka waya wa treni. Zipewe laini yao ya kilovolti 33 na transfoma yao, pamoja na jenereta. Pampu za kuzimia moto, taa za dharura na mawasiliano viwe na betri zitakazoshika kabla jenereta haijawaka.

Umeme huu mdogo unastahili heshima yake. Taa za shimoni zitumie volti zisizozidi 50. Kila soketi ya mashine ya mkononi iwe na kifaa kinachokata umeme mkondo ukivuja kwa miliampea 30. Sehemu ya kuoshea mabehewa isiwe na waya wa juu wenye umeme kabisa. Treni isogezwe pale na kichwa cha dizeli au mashine ya betri. Kuna wabunifu wanaokubali waya wenye umeme juu ya maji ya presha kwa masharti mengi. Mimi siyakubali masharti hayo, kwa sababu yote yanategemea mtu asiyekosea.

Limebaki suala la vibao. Reli yetu imejengwa na Waturuki na Wachina, treni za Mchongoko zimetoka Korea Kusini, na kila kampuni huja na namba zake, michoro yake na lugha yake. Swichi moja inaweza kuwa na jina tofauti kwenye mchoro, kwenye nguzo, kwenye skrini ya chumba cha udhibiti na kwenye ufunguo. Anayesimamia zamu anamwambia mwenzake kwa redio, "Nimefungua namba nne," na mwenzake anaelewa nne nyingine. Katika mkataba wa karakana ya Keza, kama itajengwa, ningedai kwa maandishi kwamba kila swichi iwe na namba moja tu tangu mchoro wa kwanza hadi kwenye chuma cha ufunguo, na maelekezo ya kuzima na kufunga ardhini yaandikwe kwa Kiswahili pale pale penye swichi. Kabla mkandarasi hajakabidhi, mafundi watakaofanya kazi hapo, wakiwemo watakaotoka Chuo cha Reli Tabora, wapewe karakana tupu na wafanye zoezi zima wao wenyewe, usiku na mchana: kukata, kutenga, kupima, kufunga, kupanda, kushuka, kufungua. Wakikwama mahali, kinachorekebishwa ni mfumo. Na vile vijiti vinne vya kupimia udongo vinaweza kuanza kuchomekwa Keza hata kabla ya mkataba, Agosti hii na Aprili ijayo.